Mursik na Huzuni Isiyokwisha

Labda jambo hili limeingia nyumbani kwenu. Mume aliyependa mazungumzo sasa anarudi kutoka kazini, anakaa bila neno, na chakula anakigusa tu. Usiku hapati usingizi. Au ni mke ambaye tangu ajifungue hacheki tena. Jamaa mmoja anasema ni uvivu, mwingine anasema amerogwa. Halafu jirani anakunong'oneza: "Mpe mursik kila siku, atapona." Je, ni kweli?

Jirani hajasema upuuzi. Kutoka Kericho hadi Baringo akina mama wanajua kazi hii tangu zamani. Kibuyu, yaani sotet, husuguliwa ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet. Maziwa yaliyochemshwa na kupoa hutiwa humo na kuachwa siku kadhaa yagande. Yanagandishwa na bakteria, jamaa ya wale ambao wataalamu huwaita probayotiki: vijidudu hai vinavyomfaa mtu akivipata kwa kiasi cha kutosha.

Utumbo na ubongo vinawasiliana, kwa mishipa ya fahamu na kwa njia ya damu. Ndiyo maana mtu mwenye hofu huumwa na tumbo. Mwaka 1910 daktari Mwingereza, George Porter Phillips, aliwapa wagonjwa 18 wa huzuni kuu bakteria wa maziwa, na 11 wakapona. Lakini hakuwalinganisha na wengine wasiopewa. Mwaka 2017, huko New Zealand, watu 79 wenye huzuni walijaribiwa. Waliopata probayotiki hawakuwapita wenzao waliopata dawa bandia. Mwaka 2023, huko London, walijaribiwa watu 49 waliokuwa tayari wanatumia dawa za huzuni. Baada ya majuma 8, waliopata probayotiki walikuwa na nafuu zaidi.

Tunajifunza nini? Kwamba probayotiki huenda zikawa msaidizi wa dawa, si badala ya dawa. Tena hao walipewa bakteria waliochaguliwa. Kibuyu cha kila nyumba kina bakteria wake, na mursik haijathibitishwa kuwa tiba ya huzuni.

Basi mfanye nini?

Kwanza, huzuni ikizidi majuma mawili, na mwenzako hafurahii tena alivyovipenda, ujue huenda ni ugonjwa. Usimkaripie. Mwambie kwa upole: "Baba watoto, naona umebeba kitu kizito. Tukibebe pamoja."

Pili, nendeni wote wawili kwa daktari, kwenye zahanati iliyo karibu au hospitali ya rufaa ya Nakuru, ambayo wengi bado wanaiita PGH. Akipewa dawa, asiiache ghafla kwa sababu jirani amesifu kibuyu.

Tatu, mursik si mwiko. Mnywe mezani pamoja, mradi maziwa yamechemshwa na kibuyu ni safi, kwani maziwa mabichi yanaweza kuleta ugonjwa wa brusela. Ambaye kinga ya mwili wake imepungua sana amwulize daktari kwanza.

Nne, akitaja kufa, msilichukulie kuwa neno la hasira. Asiachwe peke yake. Ondoeni dawa za shambani na za mifugo, mkampeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Mbele ya altare mliahidiana kuwa pamoja katika afya na katika ugonjwa. Ugonjwa wa moyo ulioinama umo katika ahadi hiyo, sawa na malaria au mguu uliovunjika. Mimina kikombe cha mursik, ndiyo, lakini keti umsikilize anayekinywa.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

1. Ni lini mara ya mwisho nilimwuliza mwenzangu hali ya moyo wake, nikangoja jibu?
2. Mmoja wetu akiugua huzuni, tungemwambia nani kwanza?
3. Ni maneno gani tunayotumia nyumbani ambayo yanamfanya mgonjwa aone haya?