Lenzi Ndani ya Jicho: Tiba au Kubadili Maumbile?



Baada ya darsa la Ijumaa, ndugu yetu mmoja alinivuta pembeni. Anavaa miwani ya hasi 9. Akiivua, hata uso wa anayeswali kando yake haumbainikii. Daktari amemwambia anafaa kuwekewa lenzi ndani ya macho. Akaniuliza: “Je, huku si kubadili maumbile ya Allah?” Kisha kwa sauti ya chini: “Na je, nikope kwa riba?”

Tuielewe kwanza
Kwa asiyeona mbali, mara nyingi jicho limerefuka, hivyo mwanga hukutana kabla ya kufika kwenye retina. Lenzi hii laini huingizwa kupitia tundu dogo na kukaa nyuma ya sehemu ya jicho yenye rangi, mbele ya lenzi ya asili, ambayo haiondolewi. Huutawanya mwanga kidogo ili ukutane kwenye retina. Tofauti na leza, haichongi konea, na inaweza kutolewa. Marekani iliidhinisha aina hii mwaka 2005.

Lakini haifupishi jicho. Hatari ya retina kubanduka hubaki, na upasuaji wenyewe unaweza kuleta mtoto wa jicho, presha ya jicho au maambukizi. Kwa hiyo uchunguzi wa kila mwaka hauishi.

Hukumu yake
Swahaba Arfaja bin As'ad alikatwa pua vitani siku ya Kulab. Akaweka pua ya fedha, ikanuka, Mtume (s.a.w.) akamwamuru aweke ya dhahabu. Wameipokea Abu Daud na Tirmidhi. Dhahabu ni haramu kwa mwanamume, lakini haja ya tiba iliiruhusu. Katazo la kubadili maumbile, kama kuchonga meno, limefungwa kwenye kutafuta uzuri. Kuondoa kasoro ni mlango mwingine.

Hata hivyo, ruhusa si amri. Mwenye hasi 2 ambaye miwani inamtosha, na anayetaka tu kupendeza harusini, ajiulize kwa nini atie jicho zima katika hatari.

Ibada baada ya upasuaji
Daktari akizuia maji yasifike jichoni, osha sehemu nyingine za uso, na kwa madhehebu ya Shafii utayamamu kwa ajili ya ile iliyozuiwa. Akikataza kuinama, swali kwa ishara. Dawa ya matone haifunguzi kwa Shafii. Maliki wanasema hufunguza ikifika kooni. Mwenye nafasi afanye upasuaji nje ya Ramadhani.

Na mkopo?
Hapa nilimjibu kwa uzito. Riba haihalalishwi na haja ambayo miwani inaikidhi. Mwaka mmoja wa kusubiri na kuweka akiba, au qardhi hasana kutoka kwa jamaa, ni bora kuliko kuona vizuri huku deni la haramu likikufuata. Alinyamaza, akaifuta miwani yake kwa pindo la kanzu, akaivaa. “Basi nitasubiri,” alisema.

Subira yake ilinifundisha zaidi ya nilivyomfundisha.

Wallahu a'lam.

Ya kujadili katika halaka
1. Haja na dharura zinatofautianaje?
2. Jumuiya yetu inaweza kuanzisha mfuko wa qardhi hasana kwa matibabu?