Je, Mgrevilea Wako Unafaa Kupasuliwa Mbao?

Ndugu mkulima, mnunuzi amefika shambani. Anaitaka ile migrevilea miwili uliyoipanda kutia kahawa kivuli. Anasema: "Huu mnene nitakulipa mara mbili ya ule mwembamba."

Ngoja kwanza. Zungusha kamba kwenye shina, usawa wa kifua. Pima kamba hiyo kwa rula, kisha gawanya kwa 3.14. Kamba ya sentimeta 126 ni unene wa sentimeta 40. Kamba ya sentimeta 63 ni unene wa sentimeta 20.

Sasa tupasue, kwa hesabu tu. Gogo la sentimeta 40 likichongwa mraba, kila upande hubaki sentimeta 28. Ubao mmoja ni sentimeta 2.5, na msumeno wa mashine hula kama sentimeta 1, ikawa unga. Jumla 3.5. Basi 28 ÷ 3.5 = mbao 8. Gogo la sentimeta 20 hubaki sentimeta 14. Hilo ni mbao 4, tena upana wake nusu. Yaani robo! Hata mimi mwalimu nilirudia hesabu. Kwa mbao, mti mnene ni sawa na minne miembamba, siyo miwili.

Mwembamba ulionyooka uache ukue. Uliopinda au wenye uvundo ndani ni kuni.

Ukipasua, panga mbao kivulini, vijiti katikati, mawe juu, maana zikikauka ovyo hujipinda. Na usizisimike ardhini, mchwa watazimaliza.