Wajibu wa Mwenye Mbwa

Mbwa amekuwa mlinzi wa mwanadamu tangu enzi za kale. Katika vijiji vingi vya Tanzania hufunguliwa usiku alinde nyumba na zizi, na kunapokucha huachwa azurure sokoni, njiani na hata katika viwanja vya shule. Wapitao humdhani kuwa hana mwenyewe. Kwa kweli mbwa wengi wa namna hiyo wana wenyewe. Kinachokosekana ni uangalizi. Shabaha ya somo hili ni kueleza kwa nini uangalizi huo si suala la ujirani mwema tu, bali ni suala la uhai.

Ugonjwa na Njia Yake

Hatari kubwa itokanayo na mbwa asiyeangaliwa ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu huletwa na virusi vilivyomo katika mate ya mnyama mgonjwa. Mbwa aumapo, mate huingia jerahani. Kutoka hapo virusi husafiri polepole kufuata mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Kwa kawaida dalili hutokea baada ya miezi 2 hadi 3, ingawa muda huo waweza kuwa mfupi zaidi, hasa jeraha likiwa karibu na kichwa. Mgonjwa huweweseka, hushindwa kumeza, na hushtuka aonapo maji. Dalili zikishatokea hakuna tiba ya kutegemewa. Karibu kila mgonjwa hufa.

Inakadiriwa kwamba watu wapatao 59,000 hufa duniani kila mwaka kwa ugonjwa huu, wengi wao katika Afrika na Asia. Takriban wagonjwa 99 katika kila 100 huambukizwa na mbwa, na watoto wa miaka 5 hadi 14 ni miongoni mwa wanaoumwa mara nyingi.

Hesabu ya Chanjo

Uchunguzi uliofanywa Serengeti na Ngorongoro, na katika nchi nyingine, umeonyesha kwamba mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza, kwa wastani, mbwa wasiotimia wawili. Basi ikiwa wengi wa mbwa anaokutana nao wamechanjwa, ugonjwa hukosa pa kwenda, hufifia na kwisha.

Wataalamu hushauri kuchanja mbwa 70 katika kila 100. Chukua mfano wa kijiji chenye mbwa 100, ambamo 70 wamechanjwa. Katika mwaka mmoja, 25 kati ya hao 70 wanakufa, na nafasi zao zinachukuliwa na watoto waliozaliwa. Mwisho wa mwaka waliokingwa ni 45 tu. Ndiyo maana kampeni ya chanjo hurudiwa kila mwaka, na ndiyo maana mwenye mbwa mmoja anayepuuza hudhoofisha kinga ya kijiji kizima.

Kisiwa cha Pemba ni ushahidi. Kwa kuchanja mbwa, ugonjwa ulitoweka huko mwaka 2014. Mwaka 2016 uliletwa tena kutoka nje ya kisiwa, ukaenea. Chanjo ikarudiwa kwa bidii, na kufikia mwisho wa 2018 ukawa umekomeshwa tena.

Mambo Yampasayo Mwenye Mbwa

1. Kuwapeleka mbwa wake wote kwenye chanjo kila mwaka.
2. Kumfunga au kumweka uani mchana, na kumshika kwa kamba amtoapo hadharani.
3. Kutomhamishia mbwa asiyechanjwa mahali pengine.
4. Kumwarifu ofisa mifugo mara mbwa anapobadilika tabia, anapotokwa na mate mengi au anapouma ovyo. Mbwa wa namna hiyo asiguswe.

Mtu Akiumwa

Jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu huyo apelekwe hospitali bila kukawia. Kwa kuwa virusi husafiri polepole, chanjo huwahi kuujenga mwili kabla havijafika ubongoni. Njia hii ilitumiwa na Louis Pasteur mwaka 1885 kwa mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, naye akapona.

Mbwa aliyeuma, ikiwa anaonekana mzima, asiuawe kwa hasira. Afungwe na aangaliwe kwa siku 10. Kama mate yake yalikuwa na virusi siku alipouma, ataugua au kufa katika muda huo. Hata hivyo, aliyeumwa asingoje siku hizo zipite ndipo aende kutibiwa.

Methali husema kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Kwa ugonjwa ambao tiba yake haipo, kinga ndiyo yote. Nayo huanzia mkononi mwa anayeshika kamba ya mbwa.

Maswali

1. Kwa nini kuosha jeraha mapema hupunguza hatari?
2. Kijiji kina mbwa 240. Ni wangapi wachanjwe ili kutimiza 70 kwa 100?
3. Jadilini: je, kuwaua mbwa wote wazururao kungeweza kuchukua nafasi ya chanjo? Toeni sababu.