Kidonge cha Sukari na Moyo

Tuangalie kidonge cha glibenklamaidi. Kongosho lina chembe ndogo sana zenye milango. Kidonge hufunga mlango wa potasiamu, ndipo ule wa kalsiamu hufunguka. Kalsiamu, madini yaleyale ya kwenye dagaa, huingia, na insulini hutoka kushusha sukari.

Moyo nao una milango ya aina hiyo. Kalsiamu isipoingia, haupigi! Ndiyo maana tangu 1970 wataalamu wamebishana kama dawa za jamii hii huudhuru.

Sukari ikishuka mno, moyo huenda mbio, mikono hutetemeka. Kunywa chai yenye sukari upesi, kisha nenda zahanati. Usimeze bila kula. Jirani akija kuazima kidonge tusimpe, hata kama chumvi tunaazimana, mwelekeze akapimwe.