Damu na Figo: Sababu ya Wazee Kupima Afya Mapema

Ugonjwa sugu wa figo huanza kimyakimya. Mtu aweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wa figo zake huku akiendelea na biashara katika Soko la Chifu Kingalu au na kilimo chake Bigwa, pasipo kuhisi maumivu yoyote. Mara nyingi visababishi vyake huwa shinikizo la juu la damu na kisukari. Hata hivyo, katika miaka ya karibuni wataalamu wamebaini jambo jingine linaloongeza hatari hiyo, nalo limo ndani ya damu yenyewe.

Kazi ya figo

Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja. Kwa siku moja figo mbili huchuja takriban lita 180 za maji ya damu, na sehemu kubwa hurudishwa mwilini. Kinachobaki ndicho mkojo. Figo pia hutengeneza homoni inayouagiza uboho wa mifupa kuzalisha chembe nyekundu za damu. Kwa sababu hiyo, mgonjwa wa figo hupungukiwa damu. Ugonjwa huitwa sugu pale hitilafu inapodumu kwa miezi mitatu au zaidi.

Seli shina na mabadiliko yake

Uboho waweza kufananishwa na kitalu cha mkulima wa Mgeta. Miche ya kitalu hicho ni seli shina, ambazo ndizo chimbuko la chembe zote za damu. Seli hizi hujigawa maisha yote, na kila zinapojigawa hunakili vinasaba vyake. Kadiri umri unavyosonga, makosa ya kunakili hujitokeza. Mengi hayana madhara. Machache, kama yale ya jeni za DNMT3A, TET2, ASXL1 na JAK2, huipa seli moja nguvu ya kuzaliana kuliko wenzake, hata uzao wake ukachukua sehemu kubwa ya kitalu.

Tafiti kubwa zilizochapishwa mwaka 2014 zilionyesha kuwa hali hii huwapata zaidi ya mtu mmoja kati ya kumi waliofikisha miaka 70. Si saratani, na wengi walio nayo hawapati saratani ya damu kamwe. Haiambukizi. Kwa kawaida hairithiwi, bali hujitokeza ukubwani.

Jinsi figo zinavyoathirika

Chembe nyeupe zinazotokana na seli zilizobadilika huwa wepesi wa kuchokozeka. Humwaga kemikali za kujihami hata pasipo adui, na kemikali hizo huumiza kuta za mishipa ya damu. Figo, kwa kuwa ni fungu la mishipa midogo mno, haziwezi kusalimika kwa urahisi. Tafiti zilizowafuatilia maelfu ya watu zimeonyesha kuwa figo za wenye mabadiliko haya, hasa yale yasiyo ya DNMT3A, hudhoofika kwa kasi zaidi. Hii ni hatari ya nyongeza tu. Haina maana kwamba kila mwenye mabadiliko ataugua.

Mabadiliko haya yasichanganywe na selimundu, ambayo mtoto huirithi kwa wazazi wote wawili. Hata hivyo, selimundu nayo hudhuru figo, kwa kuwa chembe zenye umbo la mundu huziba mishipa yake midogo. Mgonjwa wa selimundu anapaswa kupimwa figo mara kwa mara.

Hali ilivyo nchini

Utafiti uliofanyika mkoani Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2015 ulibaini ugonjwa sugu wa figo kwa takriban watu wazima 7 katika kila 100. Mjini walikuwa 15, vijijini 2. Wengi wao hawakujua kuwa wanaugua. Kwa wakazi wa mji unaokua kama Morogoro, hilo ni onyo la kutosha.

Hatua za kuchukua

Kipimo cha mabadiliko ya seli shina si sehemu ya huduma za kawaida za vituo vya afya, wala hakuna dawa iliyothibitishwa ya kuyaondoa. Kwa hiyo mwananchi asikubali kuuziwa mitishamba au vidonge vya “kusafisha damu”. Baadhi ya dawa hizo huharibu figo. Yaliyo ndani ya uwezo wake ni haya:

1. Kupima shinikizo la damu na sukari angalau mara moja kwa mwaka, hasa baada ya miaka 40.
2. Kumwomba mtoa huduma kipimo cha protini katika mkojo na cha kreatinini katika damu, hasa akiwa na shinikizo la damu, kisukari au selimundu.
3. Kuepuka matumizi ya mazoea ya dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni.
4. Kuacha tumbaku, inayohusishwa pia na mabadiliko ya seli shina.
5. Kutokatiza dawa alizoandikiwa pale anapojisikia nafuu.

Huduma huanzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, na mgonjwa anayehitaji uchunguzi zaidi hupewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Upandikizaji wa figo hufanyika nchini: Muhimbili tangu mwaka 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, tangu mwaka 2018. Lakini tiba hiyo ni ya gharama kubwa na humhitaji ndugu wa kujitolea figo. Kipimo cha mkojo huchukua dakika chache, na huweza kumwepusha mzee na safari hiyo.