Kusikiliza Kwanza: Somo Nililolipata Chuoni na kwa Ayubu

 

Niko mwaka wa pili chuoni, nasoma shahada ya kwanza ya saikolojia ya ushauri nasaha. Nilipochagua kozi hii nilijiona nina kipaji. Pale VIWAWA kigangoni kwetu, mwenye tatizo alikuja kwangu, na jibu sikukosa.

Muhula wa kwanza, rafiki yangu alinipigia usiku. Alikuwa amefiwa na mama yake. Akaanza kusema amechoka, hata kuamka hawezi. Nikamkatiza. Nikamwambia asali zaidi, tena wapo wenye shida kuliko yeye. Akajibu, "Sawa, asante." Hakunipigia tena.

Wiki chache baadaye tulimsoma Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani. Mwaka 1957 aliandika kuhusu mambo yanayomsaidia mtu abadilike. Kwa upande wa mnasihi ni haya: awe mkweli bila kuigiza, ampokee mtu bila masharti, na ayaone mambo kwa macho ya yule anayeteseka. Mwalimu akatugawa wawili wawili. Mmoja aongee dakika tano. Mwingine asitoe ushauri, ila mwishoni aeleze alichosikia. Yaani nilishindwa dakika ya kwanza tu! Wenzangu walicheka. Mimi nilimkumbuka rafiki yangu.

Jioni ile nilifungua Kitabu cha Ayubu, sura ya 2. Rafiki zake watatu walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Kumbe walianza vizuri! Walikosea walipoanza kumweleza kwa nini anateseka. Na katika sura ya 42 Mungu anawakemea wao, si Ayubu aliyelalamika.

Soma pia habari za Eliya, 1 Wafalme 19. Aliomba afe. Malaika hakumhubiria; alimwamsha ale mkate na anywe maji, akamwacha alale tena. Maswali yalikuja baadaye.

Je, ina maana tusiwaambie watu wasali? Hapana. Sali naye, sali kwa ajili yake. Ila sala isiwe njia ya kumnyamazisha, na usimwambie kwamba imani yake ni ndogo. Katekisimu yenyewe, namba 2282, inakiri kwamba matatizo mazito ya nafsi, uchungu au hofu kubwa vinaweza kupunguza uwajibikaji wa mtu anayejiua.

Jambo moja muhimu: siri ya kitubio haivunjwi kamwe. Lakini wewe si padri katika kiti cha maungamo. Mtu akikuambia anataka kufa, usimwahidi kwamba utanyamaza. Usimwache peke yake. Mtafute mtu mzima unayemwamini, mpelekeni hospitali.

Mimi nilimpigia rafiki yangu, nikamwomba msamaha. Alinyamaza kidogo, kisha akalia muda mrefu. Nilitamani sana kusema kitu. Sikusema. Mwishowe akaniambia, "Leo umenisikia." Siku hizi anaonana na mnasihi, na Jumapili tunakwenda Misa pamoja.

Zoezi la wiki: msikilize mtu mmoja nyumbani kwenu dakika tano, simu ikiwa mbali. Usimshauri mpaka akuombe.

Tusali: Ee Bwana, uliyetusikiliza kabla hatujajua kusali, utufundishe kunyamaza kwa upendo. Amina.