Gita la Umeme Kwenye Hedifoni: Namna ya Kulinda Masikio

Katika ploti nyingi za Langas, Huruma, Munyaka na mitaa mingine ya jiji la Eldoret, ukuta mmoja ndio unaotenganisha familia mbili. Kijana anayejifunza gita la umeme ili apige kanisani Jumapili, au apate nafasi katika bendi ya harusi, hawezi kuwasha amplifaya saa tatu usiku bila jirani kugonga ukuta. Sheria nayo iko upande wa jirani. Kanuni za mwaka 2009 kuhusu kelele, zinazosimamiwa na mamlaka ya mazingira, NEMA, zinakataza kelele za kuwasumbua wengine, na zinahesabu usiku kuanzia saa mbili. Kwa hivyo kijana huchomeka hedifoni, na ploti nzima inatulia.

Jirani amepata usingizi, lakini kelele haijaondoka. Imehamia sentimita chache kutoka kwenye ngoma ya sikio la mpigaji, na kwa kuwa hakuna mwingine anayeisikia, hakuna wa kumwambia apunguze.

Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kilichojikunja kama kombe la konokono. Humo mna seli zenye vinywele, takriban 15,000 katika kila sikio, ambazo hugeuza mtikisiko wa sauti kuwa ujumbe wa kwenda kwenye ubongo. Sauti kubwa huzichosha. Zikipumzishwa hurejea hali yake, lakini zikichoshwa usiku baada ya usiku hufa, na kwa binadamu seli hizo hazioti tena. Hakuna dawa wala upasuaji wa kuzirudisha.

Uharibifu huo huanza upande wa sauti nyembamba za juu, na ndiyo sababu mtu huchelewa kuugundua. Anasikia ngoma, anasikia lori likipita barabara ya Uganda, kwa hivyo anajiona mzima. Kinachompotea ni herufi kama s, f na sh, hata "fika" na "shika" yanakaribia kuwa neno moja. Huanza kulalamika kwamba watoto wanaongea chini chini. Mpiga gita hupata hasara ya pili: bila kujua, huongeza makali ya sauti za juu ili azisikie kama zamani, na hivyo huzidi kuumiza sehemu ile ile iliyoharibika.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linatumia kipimo cha wiki. Mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki bila hatari kubwa. Ikifika 90, muda huo unashuka hadi saa 4 kwa wiki. Ikifika 100, ni dakika 20 tu. Wengi hudhani kutoka 90 hadi 100 ni hatua ndogo, ilhali kila desibeli 3 zinazoongezeka huongeza nguvu ya sauti maradufu na kupunguza muda salama kwa nusu. Kijana anayefanya mazoezi saa moja kila siku kwa desibeli 90 amemaliza mgao wake Alhamisi ikiwa alianza Jumatatu. Kwa watoto kiwango ni cha chini zaidi: desibeli 75 kwa saa 40. Kenya ina kanuni za mwaka 2005 za kuwalinda wafanyakazi dhidi ya kelele viwandani, lakini hakuna mkaguzi anayeingia chumba cha kulala cha mtu.

Wengine watauliza tofauti iko wapi kati ya gita na muziki wa simu. Wimbo uliorekodiwa umeshasawazishwa studioni, na simu nyingi za kisasa huonya sauti ikipita kiasi. Gita halina ulinzi huo. Uzi ukichapwa kwa nguvu hutoa mshindo wa ghafla unaoupita mbali wastani wa sauti, hasa mpigaji anapotumia sauti safi isiyokwaruzwa. Kuchomoa waya kwenye gita huku hedifoni zikiwa masikioni hutoa mlipuko. Stima nayo ikipotea na kurudi ghafla, amplifaya iliyoachwa imewashwa inaweza kupiga kishindo moja kwa moja sikioni.

Kuna na jambo la mwili. Mpigaji aliyesimama mbele ya spika kubwa huhisi sauti nzito kifuani na miguuni. Hedifoni hazina mguso huo, kwa hivyo huongeza sauti akitafuta kitu ambacho hedifoni haziwezi kumpa hata akizungusha kitufe hadi mwisho. Zaidi ya hayo, spika ya gita huchuja sauti kali za juu. Anayechomeka hedifoni kwenye kifaa kisichoiga uchujaji huo husikia mkwaruzo mkali kama wa nyuki, na mkwaruzo huo ndio unaogonga sehemu dhaifu ya sikio. Vifaa vingi vya siku hizi, na programu za gita za simu na kompyuta, vina mpangilio wa kuiga kasha la spika. Inafaa kuuwasha kabla ya kugusa kitufe cha sauti.

Pete Townshend, mpiga gita wa bendi ya The Who ya Uingereza, alijulikana kwa kupiga kwa kelele nyingi mno jukwaani. Hata hivyo, alipoeleza chanzo cha kuharibika kwa masikio yake, lawama kubwa aliitupia hedifoni alizovaa miaka mingi studioni.

Kinga yenyewe haina gharama kubwa. La kwanza ni utaratibu wa kuwasha: sauti irudishwe sifuri, waya wa gita uchomekwe, kifaa kiwashwe, na hedifoni zivaliwe mwisho. Kisha sauti ipandishwe polepole hadi inapotosha, na iachwe hapo. Hapa ndipo wengi hukosea. Baada ya dakika 20 sikio huchoka na kusikia sauti ikiwa imepungua, ingawa kifaa hakijabadilika. Mpigaji huongeza kidogo, baada ya muda huongeza tena, na kufikia saa nne usiku amepita kiwango cha hatari bila kuhisi lolote. Dawa yake ni kutia alama ya kalamu au kipande cha utepe kwenye kitufe na kutokipita. Asubuhi, sikio likiwa limepumzika, avae hedifoni na kupiga bila kugusa kitufe. Sauti ikimshtua, basi jana usiku alizidisha.

Anayepiga akifuata wimbo asipandishe gita ili lishinde wimbo, apunguze wimbo. Hedifoni zinazofunika sikio lote zinafaa kuliko vile vidude vidogo vya kutumbukiza sikioni, kwa sababu huzuia kelele za nje. Mwenye chumba karibu na steji ya matatu au bodaboda huongeza sauti ili kuishinda kelele ya barabara, na mara nyingi hajui kwamba ndicho anachofanya. Anayebadilisha hedifoni aanze tena kutoka sifuri, kwa maana kitufe kikiwa pale pale, jozi moja inaweza kutoa sauti kubwa zaidi kuliko nyingine. Mapumziko ya dakika kumi kila baada ya nusu saa husaidia. Mazoezi ya vidole, ngazi za noti na kubadilisha kodi yanaweza kufanywa bila kuwasha kitu chochote.

Mzazi asiye na kipimo chochote anaweza kusimama umbali wa mkono kutoka kwa mtoto. Akilisikia gita waziwazi kupitia hedifoni zilizofunika masikio ya mtoto, sauti imezidi.

Mlio masikioni baada ya mazoezi, au hisia kwamba masikio yamezibwa kwa pamba, ni dalili ya kuchoka. Usiku huo gita lipumzike. Mlio ukiendelea zaidi ya siku mbili, mgonjwa aende katika kituo cha afya kilicho karibu, ambako anaweza kupewa rufaa ya kumwona daktari wa masikio, pua na koo katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Asitumbukize vijiti vya pamba wala mafuta ya moto. Sikio likizima ghafla, hasa la upande mmoja, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo, kwa kuwa matibabu yake hufaa zaidi yakianza mapema.

Siku moja kabla ya kupimwa, mgonjwa asipige gita kwa hedifoni wala kukaa penye kelele, maana sikio lililochoka hutoa majibu yasiyo sahihi. Kipimo chenyewe hakiumi. Huketi mahali patulivu, huvalishwa hedifoni, na kila anaposikia mlio, hata ule hafifu kabisa, hubonyeza kitufe.